Kinyonga Mwenye Mayai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Malindi na Lamu

Maswali haya hurudiwa na watu wa Malindi, Watamu na Lamu, na jamaa zao walioko Maskati na Uingereza ambao nao wanafuga. Yote yanahusu kipindi kimoja ambacho majike wengi wa kufugwa hufa: tangu tumbo lianze kujaa hadi yai la mwisho lifukiwe. Jike mwenyewe anajua kutaga. Anachokosa mara nyingi ni udongo, maji na faragha, na vyote vitatu viko mikononi mwa anayemfuga.

## Mambo ya mwanzo

Ni kweli kinyonga akizaa hupasuka tumbo na kufa?

Si kweli. Kinyonga wetu wa pwani, yule wa kijani mwenye vikunjo viwili vya ngozi kisogoni (*Chamaeleo dilepis*), hutaga mayai. Hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga kupitia tundu la haja, hufukia, hukanyagakanyaga udongo mpaka pasijulikane, kisha hupanda tena mtini. Wakati huo amekonda, ngozi ya ubavuni imelegea na kukunjamana, na mtu akimwona hivyo huamini kwamba tumbo limepasuka. Akipata maji na chakula hunenepa tena, na anaweza kutaga mara nyingine.

Kinachoua ni mayai kubaki ndani. Jike asiyepata mahali panapomridhisha huyazuia siku baada ya siku hadi nguvu zinamwishia. Ukimkuta amekufa na tumbo limejaa, anza kuuliza kama alikuwa na pa kuchimba.

Naruhusiwa kumfuga kinyonga niliyemwokota shambani?

Bila kibali, hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamhesabu kinyonga kuwa mnyamapori, na kibali cha kumweka hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumvusha mpaka ni jambo zito zaidi, kwa kuwa kinyonga wa jamii hii wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1977.

Kwa hiyo majibu yaliyo hapa ni ya wenye kibali na ya wanaofuga nje ya nchi kwa sheria za huko. Kama jike wa mwituni ameingia uani kwako, usimtie tunduni. Nenda moja kwa moja kwenye swali la kinyonga anayechimba uani, karibu na mwisho.

Nitajuaje kama ana mayai au amenenepa tu?

Mnene hujaa mwili mzima, hata mashavu na shina la mkia. Mwenye mayai hujaa chini ya mbavu na ubavuni, huku kichwa, miguu na mkia vikibaki kama vilivyokuwa. Mayai yakikomaa utaona vinundu vikisukuma ngozi anaponyoosha mwili kutoka tawi moja kwenda jingine. Usimbinyebinye kuyahesabu: yai likipasukia ndani huleta maradhi ambayo mara nyingi hayaponi.

Tabia nayo husema. Jike aliyekwisha kupandwa hamtaki dume tena. Akimwona hugeuka rangi za giza zenye madoa angavu, hufungua kinywa, huyumbayumba tawini na kutoa mlio wa kukoroma. Mwondoe dume siku hiyo hiyo. Kumwacha wamalizane wenyewe ni kumchosha jike wakati anahitaji kila nguvu aliyo nayo.

Hajawahi kukutana na dume. Mayai yametoka wapi?

Hutaga hata bila dume. Kinyonga wa Yemen (*Chamaeleo calyptratus*), ambaye ndugu zetu wa Ghuba na Ulaya humfuga zaidi, anajulikana sana kwa hili. Mayai hayo hayaanguliki, lakini kuyataga kunahitaji matunzo yale yale, udongo ule ule, na kuna hatari ile ile ya kukwama. Anayefuga jike mmoja peke yake akidhani yuko salama ndiye mara nyingi anayekosa kumwandalia mahali.

Kuna jambo la pili. Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo aliyepandwa mara moja huweza kutaga mkupuo wa pili wenye uhai miezi kadhaa baadaye bila kumwona dume tena.

Atayabeba kwa muda gani, na ni mangapi?

Kinyonga wa Yemen hubeba takriban siku 20 hadi 30. Wa kwetu huchukua wiki kadhaa na hatabiriki sana, kwa hiyo tazama dalili kuliko kalenda. Idadi ni makumi, kwa wetu mara nyingi kati ya 25 na 50. Andaa mahali pa kutagia mara tu unaposhuku, hata kama unaona bado ni mapema.

## Chakula, maji na joto

Nimlishe zaidi kwa kuwa analishia mayai?

Lishe bora, ndiyo. Kumshindilia, hapana. Kwa kinyonga wa Yemen imeonekana wazi kwamba chakula kingi pamoja na joto kali humfanya jike atengeneze mayai mengi kupita kiasi, na mikupuo mikubwa ndiyo inayokwama. Akishaonekana ana mayai, mpe wadudu wachache kila siku au siku moja baada ya nyingine, na kila mdudu awe ameshiba.

Mdudu aliyeshiba ni yule uliyemlisha siku moja kabla. Panzi, nyenje na mende wa kufugwa wape sukuma wiki, majani ya mzunze, karoti na papai. Mchicha usiwe chakula chao cha kila siku, kwani una asidi inayozuia mwili kupata kalsiamu. Panzi wa kuokota watoke mahali pasipopulizwa dawa. Wale panzi wa rangi nyingi wanaojazana kwenye mihogo waache kabisa: rangi zile ni onyo la sumu. Vimulimuli nao usimpe.

Kalsiamu ya madukani sipati hapa. Nitumie nini?

Hapa pwani tumebarikiwa. Mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa na maji ufuoni, karibu wote ni kalsiamu kaboneti. Okota ulio safi usionuka, uloweke katika maji matamu siku mbili tatu ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha ukwangue kwa kisu upate unga laini. Weka wadudu mfukoni pamoja na unga kidogo, tikisa, mpe. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa mpaka yawe unga, hufaa vilevile.

Kalsiamu hujenga ganda, na zaidi ya hapo ndiyo inayoipa misuli nguvu ya kusukuma mayai. Jike aliyepungukiwa huanza kutaga akachoka katikati. Lakini unga huo hautumiki mwilini bila jua, na jua lina swali lake hapa chini.

Maji ya kisima chetu Lamu yana chumvi kidogo. Yanamfaa?

Hapana. Tumia maji ya mvua ya jabia (birika la kuhifadhia maji), au maji matamu unayokunywa mwenyewe.

Kinyonga hanywi bakulini, kwani wengi wao hawayatambui maji yaliyotulia. Hunywa matone yanayotiririka majanini. Toboa chupa ya plastiki tundu dogo la sindano chini yake, itundike juu ya tundu la kinyonga, na iachie tone baada ya tone juu ya majani kwa muda mrefu asubuhi na tena alasiri. Mwenye mayai hunywa kuliko kawaida, na wengine hunywa dakika nyingi bila kusita. Tazama kinyesi: ile sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikigeuka ya manjano au rangi ya chungwa, maji hayamtoshi. Macho yakididimia, amechelewa tayari.

Nimwekee taa ya joto?

Malindi na Lamu, hapana. Joto letu la mchana linatosha, na wakati wa kaskazi linazidi. Anachohitaji ni jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayomwezesha kutengeneza vitamini D, pamoja na kivuli kizito cha kukimbilia. Tundu liwe la wavu pande zote na lenye majani mengi. Katika nyumba za mawe za Lamu, kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, kinachopata jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni mahali pazuri. Juu ya dari bila makuti ni tanuri.

Akiketi kinywa wazi na rangi imepauka kabisa, amezidiwa na joto. Msogeze kivulini na unyunyizie majani maji mara moja.

Tunafukiza udi nyumbani, na mbu ni wengi. Kuna madhara?

Moshi wa udi, ubani na dawa za mbu za kuchoma usimfikie. Dawa za kupuliza ni mbaya zaidi, na kuna kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema: kulifunika tundu kwa chandarua cha zahanati. Vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu ya jamii ya pairethroidi, inayoweza kuwadhuru wanyama watambaao. Tumia wavu wa dirisha usio na dawa.

## Mahali pa kutagia

Ni mchanga gani unaofaa?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mchanga umetuzunguka na kila mtu huchota ulio karibu. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Ule wa vilima vya Shela ni laini na mzuri kwa macho, lakini ukikauka hauna mshiko. Jike anachimba, paa la shimo linamwangukia, anatoka na kuanza upya, mpaka nguvu za kutaga zinaishia kwenye kuchimba.

Kinachofaa ni mchanga wa mto uliooshwa, kama ule unaouzwa kwa wajenzi kutoka upande wa Sabaki, uchanganywe na udongo wa shamba usio na mbolea wala samadi. Kiasi cha nusu kwa nusu ni mwanzo mzuri, kisha rekebisha kwa kujaribu. Nyunyizia maji matamu, koroga, ufumbate kwa nguvu. Ukifungua kiganja ukabaki umeshikana kama tonge la ugali bila kutoa tone la maji, uko sawa. Ukimomonyoka, ongeza maji au udongo. Ukichuruzika, uache ukauke kidogo, kwa sababu shimo lililojaa maji atalikataa.

Jaribio la mwisho ni kidole. Choma shimo la mshazari hadi kiganja kiingie, utoe taratibu. Likisimama bila kuporomoka, na yeye atachimba.

Chombo kiwe na ukubwa gani?

Ndoo pana au karai lenye kina, udongo ujae usipungue sentimita 30 kwenda chini. Jike huchimba mpaka anahisi yuko mbali na juu, na akigonga sakafu ya chombo mapema huacha. Kiwe cheusi au cha rangi nzito. Ndoo nyeupe inayopitisha mwanga huionyesha nuru hadi chini, naye hudhani ametokezea upande wa pili.

Kiache mle mle tunduni wakati wote, chenye tawi la kushukia. Wanaomhamishia jike kwenye ndoo siku ya siku humtia hofu saa ile anahitaji utulivu. Miguu ya meza ya tundu isimame ndani ya makopo ya maji, kwa sababu siafu na chungu wa maji moto humvamia shimoni, asikoweza kugeuka wala kukimbia.

Dalili za kwamba siku imefika ni zipi?

Hupunguza kula, kisha huacha. Huendelea kunywa. Asiyekuwa na kawaida ya kushuka huanza kuzungukazunguka chini ya tundu, hukwaruza kona zake, hupanda na kushuka pasipo kutulia. Hayo huweza kuchukua siku kadhaa.

Ameanza kuchimba. Nifanye nini?

Ondoka. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko jingine lolote hapa. Akikuona unamchungulia huona shimo lake limegunduliwa na adui, na huliacha. Tundika kanga au shuka upande ambao watu hupita, ukiacha juu pa kuingizia hewa, na uwaambie watoto na wageni kwamba leo hakuna kuangalia. Paka afungiwe mbali. Atakayetaka kupiga picha asubiri.

Kazi huweza kuchukua siku nzima na kuvuka usiku. Giza likiingia akiwa bado shimoni, mwache humo, usiwashe taa. Mchunguze kwa mbali mara chache, kupitia upenyo mdogo wa shuka.

Amechimba mashimo mawili matatu na kuyaacha. Ni ugonjwa?

Kwanza shuku udongo, halafu macho ya watu. Rudia jaribio la kidole, pima unyevu chini kabisa na sio juu tu, ongeza kina, ziba njia ya kuonekana. Akiwa na nguvu, macho wazi, anapanda vizuri, ana muda. Ikipita siku ya pili ya kuchimba na kuacha, au akianza kulegea, soma jibu linalofuata.

## Mambo yakiharibika

Nitajuaje mayai yamekwama?

Dalili zinazotisha ni hizi: kufumba macho mchana, kulala chini bila kuchimba, mikono kushindwa kushika tawi, macho kudidimia, kujikamua bila kutoa kitu, au kutoa mayai machache kisha kunyamaza huku tumbo bado limejaa. Moja tu kati yake inatosha kumtafuta daktari siku hiyo hiyo. Jike aliyeacha kula lakini anatembeatembea kwa nguvu hajakwama, anatafuta mahali.

Daktari wa wanyama huanza kwa kumrudishia maji na kalsiamu, huweza kutumia homoni ya kusukuma mayai, na ikishindikana hubaki upasuaji. Homoni hiyo isitolewe na mtu asiye daktari. Kama kalsiamu imepungua au yai ni kubwa mno kupita, kulazimisha misuli kunaweza kumpasua kwa ndani.

Daktari wa kinyonga nitampata wapi huku?

Madaktari wengi wa kaunti wamezoea ng'ombe, mbuzi na punda, kwa hiyo usingoje siku ya dharura. Nenda kwenye ofisi ya mifugo mapema, uliza nani amewahi kutibu wanyama watambaao, uwe na namba yake. Watamu, kusini mwa Malindi, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, ambako watu wamewashika na kuwachunguza wanyama wa aina hii kwa miaka mingi, na ni mahali pa kuuliza njia. Kutoka Lamu safari ni ya mashua na barabara, jambo ambalo jike aliyelegea halimudu vizuri. Kwa watu wa visiwani, kinga ndiyo tiba ya kutegemea.

Ametaga sakafuni, amemwaga mayai huku na huko.

Alikosa pa kuchimba, au alidhoofika. Usimwone amemaliza: tazama kama tumbo limekwisha kweli. Likibaki na vinundu, mpe udongo upesi na utulivu, na daktari ajue.

## Hali zisizo za kawaida

Ndugu yangu wa bara ana kinyonga wa pembe tatu mwenye tumbo. Ndoo ya udongo atahitaji?

Hahitaji. Kinyonga wa pembe tatu (*Trioceros jacksonii*), wa Nairobi na miteremko ya Mlima Kenya, huzaa watoto hai baada ya miezi mitano au zaidi. Huwaangusha tawini mmoja mmoja wakiwa ndani ya utando, wakaupasua na kutembea. Mwambie ndugu yako asije naye Malindi. Huyu amezoea mahali penye usiku wa baridi, na joto letu litamwua yeye na walio tumboni.

Kinyonga wa mwituni anachimba uani kwetu, kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Tufanyeje?

Mwacheni, mmlinde. Fungieni paka na kuku, wazuieni watoto wasimpige mawe, wafukuzeni kunguru kwa mbali. Si sumu na hana la kumdhuru mtu. Akimaliza atafukia na kuondoka mwenyewe, na mnaweza kumwekea kijiti cha kupandia kuelekea mti wa karibu.

Wekeni alama mahali pale, na fundi aambiwe achote mchanga upande mwingine. Mayai ya kinyonga huyu hukaa ardhini miezi mingi, hata kukaribia mwaka, kwa hiyo rundo lililosahauliwa leo likichotwa miezi kadhaa baadaye huenda bado lina watoto ndani. Kama ujenzi hauwezi kungoja, waite KWS kabla ya koleo kugusa mchanga.

Yai limefukuliwa kwa bahati mbaya. Naweza kuligeuza nilione vizuri?

Usiligeuze. Lishike kama lilivyolala, upande wa juu ubaki juu, uliweke kwenye shimo jingine lenye unyevu ule ule na ufukie. Ukihitaji alama, chora nukta ndogo juu kwa penseli.

Amemaliza. Nimpe nini kwanza?

Maji, kabla ya kitu kingine chochote. Achia matone kwa muda mrefu, umwache anywe mpaka ageuke mwenyewe. Chakula kifuate siku hiyo au kesho yake, wadudu wadogo laini wenye unga wa kalsiamu, na kwa wiki kadhaa asikutanishwe na dume wala kushikwashikwa. Ndoo ya udongo irudishwe mahali pake.